Taa Zote Zinawaka

Shemeji yangu aliitwa Mzee Taa kabla hata hajaota mvi. Jina alipewa na madereva wa malori, na dereva wa lori akishakupa jina, hata mahakama haikuvui. Kituo chake cha mafuta kiko juu ya mwinuko kando ya barabara kuu, na ukija kutoka upande wowote unakiona kabla hujaiona barabara yenyewe. Kuna taa kwenye paa, kwenye nguzo, kwenye uzio, na mpaka chooni kuna taa mbili, sijui mtu ahesabu nini mle ndani. Mtu akija kujaza pikipiki yake, anamulikwa kama bwana harusi.

Mimi ndiye msimamizi wa zamu pale. Mkewe ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo kazi niliipata kwa undugu, lakini nimeishika kwa ukali. Wauza mafuta wananiita Mama Pilipili wakidhani sisikii. Nasikia sana, na sijaona sababu ya kubadilika.

Nisimseme vibaya shemeji yangu, maana mapenzi yake ya taa yana chanzo. Baba yake alikuwa akiuza mafuta ya taa kutoka kwenye pipa moja lililosimama nje ya nyumba, na juu ya pipa kulikuwa na pampu ya mkono, ile ya kusukuma mpini mbele na nyuma. Shemeji alianza kuusukuma mpini ule kabla hajafikia urefu wa pipa. Mtaa mzima ulipata mwanga kwa mikono yake, ila kwao walikuwa wanalala gizani, kwa sababu baba mtu aliamini mali ya kuuza haichezewi. Akaapa kwamba siku akipata chake, giza atalisikia tu kwa jirani. Pampu ile hakuitupa. Aliipaka rangi ya fedha, akaitundika ukutani ofisini, juu ya kiti chake, pale ambapo wenzake hutundika picha za harusi. Dada yangu mpaka leo anasema yeye ni mke wa pili.

Sasa, baada ya mafuriko ya wakati ule, vituo vingi vilifungwa huku matangi yamejaa, kwa sababu umeme ulikatika na pampu za siku hizi bila umeme ni mapambo tu. Mafuta yapo chini ya miguu yako, wewe umesimama juu yake na huna hata tone la kuwashia koroboi. Serikali ikakasirika, ikatoa agizo: kila kituo kwenye barabara kuu lazima kiwe na umeme wa dharura, tena mkaguzi atapita kuhakikisha. Shemeji akanunua jenereta. Jipya, la kijani, lenye mngurumo wa kuamsha wafu. Hapo nampa haki yake, hakwenda kuokota bovu sokoni.

Wa kuliunganisha akaitwa Fundi Kesho. Ni fundi mzuri, mikono yake haina lawama, matatizo yake yako kwenye kalenda. Alikagua, akazunguka, akakuna kichwa. Akasema taa ni rahisi, waya zake ziko juu. Ila pampu zinataka swichi yake maalumu, na waya wake umefukiwa chini ya zege, itabidi kuchimba.

"Tuanze na taa," alisema. "Pampu tutamalizia kesho."

Shemeji aliposikia neno taa, akili yake yote ikahamia huko. Siku ile ile taa zikaunganishwa, na ofisi, na friji la soda.

Mkaguzi akafika kabla ya ile kesho. Akaomba umeme wa kawaida uzimwe, jenereta liwashwe. Likanguruma. Taa zikawaka zote mchana kweupe, friji likaanza kuimba, na shemeji akasimama katikati ya uwanja akitabasamu. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akabandika karatasi ya bluu kwenye nguzo ya lango: KITUO HIKI KINA UMEME WA DHARURA. Akaaga, akaondoka na soda yake.

Hakuna aliyesema uongo siku ile. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba ningekuwa na wa kumwita mwongo ningepumua. Mkaguzi hakuuliza pampu, shemeji hakuzitaja, na karatasi ikabandikwa.

"Na pampu je?" nilimuuliza lango lilipofungwa.

"Fundi anakuja kesho, shemeji."

Nilimkumbusha wiki hiyo, nikamkumbusha mwezi uliofuata, mpaka dada yangu akaniambia nimpumzishe mumewe. Na kweli, umeme ukikatika ulikuwa unarudi upesi. Wateja walikaa chini ya taa zetu wakinywa soda baridi na kusubiri pampu zizinduke, tena wakasifu. Ufa ulikuwa pale pale, ila ulikuwa umepakwa chokaa nzuri.

Halafu ikaja mvua ya mwaka huu.

Ilianza na habari njema, ingawa ilikuja na hofu yake. Binti wa shemeji, mtoto wa dada yangu, yaani mwanangu, alijifungua kabla ya mwezi wake kufika. Mtoto wa kiume, mdogo kiasi kwamba ukimtazama unaogopa kupumua karibu naye. Pale kituo cha afya, chini ya mwinuko wetu, wakamweka kwenye kile kisanduku cha kioo kinachotia joto, kwa sababu mtoto njiti hana joto lake mwenyewe, lazima akopeshwe. Dada yangu akahamia huko na mkeka wake. Shemeji alikuwa akishuka kila siku kumtazama mjukuu wake wa kwanza. Wauguzi walimkataza kugusa kioo, basi alisimama mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukaguliwa.

Mvua haikukata. Nguzo za umeme zikaanguka, upande wa pili daraja likabebwa na maji, simu zikanyamaza. Giza likashuka kwenye mitaa yote, isipokuwa kwetu. Jenereta likanguruma usiku kucha, taa zote zikawaka, na shemeji akasema angalau watu wakiona mwanga watapata moyo.

Watu waliuona mwanga, ndiyo. Asubuhi foleni ilikuwa imeteremka mwinuko mpaka kwenye kona. Malori, pikipiki, watu wa miguu na madumu. Wote waliokuja walikuja kwa sababu ya zile taa. Nikatoka nikawaambia pampu hazifanyi kazi, wakanitazama, kisha wakatazama juu, kule taa zilikokuwa zinawaka juu ya kichwa changu.

"Mama, unatuona sisi watoto?" alifoka dereva wa lori la saruji, mtu mpana kama mlango wa ghala. "Umeme mnao, friji linanguruma, mafuta hakuna? Semeni tu mnangoja bei ipande!"

"Wanaficha!" mwingine akadakia nyuma.

Vijana wangu wa pampu wakajifungia dukani. Mimi nikabaki nje, kwa sababu sijazoea kukimbia na kwa umri huu si wakati wa kujifunza. Nilikuwa bado natafuta tusi la kiasi, lisilo kubwa wala dogo, ndipo gari la wagonjwa likapanda kwa pembeni likipiga honi. Dereva wake akaruka chini na madumu mawili matupu. Namfahamu, ni kijana mpole wa watu, huwa anajaza kwetu na kunisalimia shikamoo hata akiwa na haraka. Siku ile hakusalimia.

"Mama, jenereta letu linakwisha mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Mchana hatufiki."

"Akiba yenu iko wapi?"

Akanishangaa. "Akiba ya nini, mama? Mganga mkuu alisema tusijaze madumu ndani, ni hatari, na juu hapa kuna kituo chenye umeme wa dharura." Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya bluu pale langoni. "Si ndicho hiki?"

Akasogea karibu zaidi. "Na yule mjukuu wa Mzee yumo kwenye kile kisanduku."

Niligeuka nikamkuta shemeji amesimama mlangoni mwa ofisi, na uso wake ulinionyesha kwamba amesikia kila neno.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyatunza tangu siku ya mkaguzi. Nilitaka nimwage yote, na Mungu anajua yalikuwa na pilipili. Lakini nilipomwona amejishika mlango kama mtu aliyepigwa, nikayameza. Sio kwa wema. Nilimwogopea mtoto.

"Shemeji," aliniambia, "niwaambie nini hawa watu?"

"Waambie ukweli. Mficha uchi hazai."

Hakwenda kwanza kwa watu. Alikwenda nyuma, kwenye jenereta, na akalizima kwa mkono wake. Taa zote zikafa kwa mpigo mmoja. Uwanja ukawa wa kijivu, mvua ikasikika, na foleni nzima ikanyamaza, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kukiona kituo kile kikiwa giza. Akafungua tangi la jenereta, akakinga dumu, akakamua dizeli yote iliyobaki. Ilifunika kitako cha dumu tu. Iliyobaki tulikuwa tumeichoma usiku kucha kumulika uzio na choo.

"Peleka hii," alimwambia yule kijana. "Halafu urudi."

Gari la wagonjwa likateremka. Ndipo shemeji akapanda kwenye ile ngazi ya saruji zinaposimama pampu, akavua kofia mvuani.

"Jamani," alisema. Mvua ikaimeza sauti. Akaanza upya. "Jamani, hakuna aliyeficha mafuta. Yapo, mmeyakanyaga. Lile jenereta linawasha taa tu. Pampu hazikuunganishwa kamwe. Mkaguzi aliridhika na taa, na mimi nikaridhika naye. Ile karatasi pale langoni haina maana yoyote. Nimewaita hapa kwa taa, na sina cha kuwapa. Na kule chini kuna mtoto anayeishi kwa joto la mashine, ni mjukuu wangu, lakini hata angekuwa wa mwingine ningekuwa na kosa lile lile."

Mtu mmoja akatema mate pembeni. Mwingine akacheka, kicheko cha uchungu. Dereva wa lori la saruji alimtazama shemeji kwa muda, mdomo wazi, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akakuta uko wazi.

"Mzee," akasema hatimaye, "si tuunganishe waya sasa hivi? Mimi nina koleo."

"Ng'o!" nikapiga kelele. "Mtu asiniunganishie waya mvuani juu ya tangi la mafuta. Tutakwenda wote mbinguni na foleni yetu."

Fundi Kesho mwenyewe alikuwa ng'ambo ya daraja lililobebwa. Malori yaliyokuwepo matangi yao yalikuwa makavu, wangekuwa na mafuta wasingekuja kutusalimia. Tukabaki tumesimama. Nakumbuka niliutazama mfuniko wa tangi, pale tunapoteremsha kijiti kila asubuhi kupima mafuta, nikafikiri jinsi yalivyo karibu. Hata kamba ya ndoo ingeyafikia, kama ndoo ingepita kwenye tundu lile.

Shemeji akaingia ofisini ghafla. Tukasikia kiti kikiburuzwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia ile pampu ya baba yake, inang'aa kwa rangi ya fedha.

Jamani, mtu akapiga mluzi. Wengine wakacheka, na sikuwalaumu, ilionekana kama kikombe cha mashindano. Shemeji hakusikia chochote. Alipiga magoti kwenye saruji, akaibana pampu kati ya mapaja, akauvuta mpini. Haukutikisika. Rangi yake mwenyewe ilikuwa imeugandisha. Yule dereva wa saruji akaja na koleo lake na nyundo, wakagongagonga, wakamwagia mafuta ya injini, mpaka mpini ukalia na kusogea. Wakaifungua tumboni. Ndani mna kipande cha ngozi, mduara mdogo unaoziba pembeni ili pampu iweze kunyonya. Kilikuwa kimekauka, kikavunjika vidoleni kama biskuti.

Shemeji akakitazama. Kisha akavua mkanda wa suruali, akaomba kisu.

Sijawahi kumwona mtu anakata kitu kwa uangalifu namna ile. Alikata mduara kwa kukisia, akaulowesha kwenye mafuta, akaukanda kwa vidole mpaka ukalainika, akaupachika, akautoa, akaupunguza kidogo, akaupachika tena. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe. Suruali ilianza kumteremka, nikamtafutia kipande cha kamba, akajifunga bila kunitazama.

Mpira wa kunyonyea ulitoka kwenye lori. Tukaufunga kwenye pampu, tukaiteremsha ncha yake kupitia tundu la kijiti, kwenye tangi la dizeli. Wa petroli walipoona wakaleta na wao madumu. Nikawaambia petroli hapana, petroli ina hasira kuliko mimi, na pampu hii sitaiweka karibu nayo. Wakanung'unika. Nikasimama na ndoo ya mchanga mkononi, nikatangaza kwamba atakayewasha sigara nitammwagia kwanza, maswali baadaye. Nadhani waliniamini.

Shemeji akaanza kusukuma. Mbele, nyuma. Pampu ikakohoa hewa. Mbele, nyuma. Hewa. Akamwagia mafuta kidogo juu yake ili ngozi ishike, akaanza tena. Foleni nzima ilikuwa imetuzunguka, kila mtu ametazama mdomo wa pampu kama watu wanaosubiri mtoto mdogo aseme neno lake la kwanza. Nikajikuta nasema, "Njoo basi, njoo," kama mwendawazimu, nikiongea na dizeli.

Ikaja. Kwanza povu, halafu uzi mwembamba, halafu ikamwagika kweli kweli ndani ya dumu. Watu wakapiga kelele ya kuezua paa. Yule aliyetema mate akapiga makofi kuliko wote.

Kazi ile ni ya polepole na haina huruma. Dumu moja linataka misukumo isiyo na mwisho. Dereva wa saruji alimwambia shemeji ampishe, naye shemeji akatikisa kichwa. Nikamwambia mimi, akatikisa kichwa. Alikuwa amekaza meno, mvua inamtiririka usoni, na mpini ulianza kuwa na alama nyekundu pale anapoushika. Nikaelewa kwamba ilikuwa si ubishi. Hakuweza kuuachia.

Gari la wagonjwa lilirudi tulipokuwa tumejaza dumu la kwanza na la pili liko nusu. Yule kijana aliteremka taratibu. Nilipomwona anateremka taratibu, nikamwendea kabla hajatufikia.

"Limezima," alisema. "Nilipofika lilikuwa limeshazima. Nimetia ile kidogo, likawaka, sasa hivi nadhani limezima tena."

"Mtoto?" niliuliza, kwa kuwa shemeji hakuweza.

"Wamemtoa kwenye kisanduku. Sikuona zaidi. Nilikimbilia mafuta."

Shemeji akaongeza kasi. Hapo ndipo dereva wa saruji alipomshika mabega, akamwinua kutoka chini kama mtoto, akasema, "Mzee, mkono uliochoka unachelewesha." Akakaa yeye. Akasukuma kama anagombana na mtu. Akafuata mwingine, na mwingine, hata wa petroli ambao hawakuwa na lao pale wakakunja mikono ya mashati. Hakuna aliyeuliza dumu hilo ni la nani. Dumu lilipojaa likapakiwa, shemeji akapakiwa, na mimi nikapanda nyuma bila kualikwa na mtu. Nikamwachia ndoo ya mchanga mwanamke mmoja mwenye bucha, nikaona uso wake, nikajua sigara haitawashwa.

Njia ile ni fupi. Siku ile haikuwa fupi. Shemeji alikaa ameshikilia madumu kwa viwiko, viganja vimefunguka juu, malengelenge yamepasuka na dizeli imeingia ndani yake. Hakulalamika. Alisema jambo moja tu njia nzima.

"Nilitaka watu wasilale gizani, shemeji."

"Najua," nilimwambia. Na nilijua kweli, ndiyo maana niliumia.

Kituo cha afya kilikuwa kimya na chenye giza. Yule kijana akakimbia nyuma na madumu, sisi tukaingia. Kile kisanduku cha kioo kilikuwa wazi na kitupu. Nilikiona kabla ya shemeji na nikataka kumziba macho, mtu mzima yule.

Kisha nikamsikia dada yangu. "Msiingize baridi, fungeni mlango!"

Walikuwa pembeni kitandani. Binti yetu ameketi ameegemea mto, na kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, ndani ya gauni na kanga na sweta la mama yake na blanketi la muuguzi, alikuwepo mtoto. Kichwa tu kilionekana, kama ngumi ndogo yenye kofia. Muuguzi alikuwa amemfundisha namna ya kumfunga pale jenereta lilipozima mara ya kwanza. Alikuwa hajasogea tangu wakati huo, hata kunywa maji alinyweshwa.

"Anapumua," dada yangu alitwambia. "Mama yake amekuwa jiko."

Kule nyuma injini ikashika. Taa ya juu ikapepesa, ikatulia. Mashine ya kisanduku ikalia mlio mmoja na kuanza kupasha. Muuguzi akasema tusimtoe mtoto kwa mama bado, mpaka kisanduku kipate moto, kisha akatoka kwenda kuwatazama wengine. Shemeji alibaki mlangoni. Ananuka dizeli, amefungwa kamba kiunoni, analowesha sakafu.

"Mwanangu," alisema, "mafuta yalikuwepo muda wote. Ni mimi..."

"Nimeambiwa, Baba." Binti alizungumza kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto. "Dereva alipoleta ile dizeli kidogo alimwambia muuguzi kwamba taa zenu zinawaka ila pampu hazifanyi kazi."

Shemeji akainamisha kichwa.

"Hasira ninayo," binti akasema. "Sikufichi. Asubuhi, kabla jenereta la hapa halijazima, nilichungulia dirishani nikaona taa za kituo chako zinawaka, nikasema afadhali, Baba yupo." Akairekebisha kofia ya mtoto. "Hasira ninayo, na itachukua siku zake. Sasa sogea, nionyeshe mikono."

Hakutaka. Aliificha nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele ya kile kisanduku. Binti akanyoosha mkono wake mmoja ulio huru, akaudai mpaka akapewa. Akakifungua kiganja cha baba yake, akakitazama, kisha akainama kidogo, kwa uangalifu, asimbane mtoto, akakipulizia. Pole pole, mara kwa mara, namna unavyompulizia mtoto aliyeungua. Nikakumbuka nani alikuwa akimpulizia yeye alipokuwa mdogo na kuanguka kwenye kokoto za kituo.

Shemeji akalia. Dada yangu akalia. Na mimi, Mama Pilipili, nililia mpaka muuguzi akarudi kuuliza nani amefariki.

Umeme wa kawaida haukurudi siku ile wala iliyofuata. Fundi Kesho alitokea kesho yake, mara hii kwa haki kabisa, amezunguka kwa miguu kutafuta kivuko, matope yamefika magotini. Alikuwa amezipata habari njiani. Hakusalimia, alifungua mfuko wa zana akauliza tu aanzie wapi.

"Chimba zege," shemeji alimwambia. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bendeji nyeupe. "Leo."

Dereva wa saruji akaleta nyundo. Zege likapasuliwa, waya ukapatikana, swichi ikaletwa kutoka kwa mwenye duka la umeme aliyefungua mlango mvuani. Mchana Fundi akaja kichwa chini. Waya aliokuja nao haufiki kwenye pampu zote mbili, na wa kununua uko ng'ambo ya maji.

Shemeji akainua uso kutazama paa lake, nguzo zake, uzio wake. Aliuangalia ule uzio kwa muda mrefu.

"Waya umejaa hapa," alisema. "Toa wa kwenye taa."

Wakautoa wote. Fundi akapanda ngazi, shemeji akasimama chini akiupokea kwa viwiko. Jua lilipozama kulikuwa bado na giza la mvua, na jenereta likawashwa. Lori moja likapanda mwinuko, likasita langoni, dereva akatoa kichwa nje akapepesa macho kwenye giza.

"Vipi, mmefunga?"

"Tumefungua," shemeji alimjibu, amebana tochi kwapani.

Nikamwambia asogeze lori mbele. Pampu inafanya kazi.